Mama ana presha ya miaka mingi na moyo wake ulisimama. Mbona sasa wanampandishia presha?

Swali la msomaji: "Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 63 na presha imemsumbua tangu nikiwa sekondari. Nyumbani akipimwa haishuki 160/95 hata akimeza dawa. Juzi alibanwa kifua, tukamkimbiza hospitali, na akiwa palepale mapokezi ya dharura moyo ukasimama. Walimkandamiza kifua na kumshtua kwa umeme kama dakika kumi hivi mpaka ukarudi. Sasa yuko ICU kwenye mashine ya kupumulia, hajafumbua macho. Kilichotushtua ni kwamba dawa zake zote za presha wamezisimamisha, halafu kuna dawa inaingia kwa pampu, na muuguzi ametuambia ni ya kupandisha presha. Leo monita ilisoma 105/62. Kaka yangu mkubwa amekasirika, anasema presha ndiyo iliyomwangusha mama, iweje wampandishie tena. Shemeji yangu, ambaye ni muuguzi, anasema 105 ni ndogo mno kwa mtu aliyezoea 160, waipandishe hadi 150 ili ubongo upate damu. Tumsikilize nani?"

Marahaba, binti yangu. Pole sana, na umpe pole kaka yako pia. Hasira yake naielewa. Miaka yote mmefundishwa kwamba presha ikipanda ni hatari, na leo mnaona watu wa hospitali wanaipandisha kwa makusudi.

Nianze na jibu lenyewe. Kwa hali ya mama yako sasa, kusimamisha dawa za kushusha presha ni sahihi, na dawa ya kuipandisha ipo mahali pake. Shemeji yako ana hoja nzito kuliko mnavyodhani, nami nitaieleza, lakini 150 anayoitaka haina ushahidi wa kumsaidia mama na inaweza kumuumiza.

Presha ya juu aliyoishi nayo mama ilikuwa inaharibu mishipa, moyo na figo kwa miaka. Presha ikiwa chini sana sasa hivi inaharibu ubongo kwa dakika. Ni mwili uleule, ila hatari iliyo mbele yake imebadilika, na inayoua haraka ndiyo inayoshughulikiwa kwanza.

Moyo ukisimama kisha ukarudi, haurudi na nguvu zake zote. Misuli yake inakuwa imezubaa, inasukuma damu kivivu, na mara nyingi huchukua siku mbili hadi tatu kupata nafuu. Wakati huohuo mwili mzima unakuwa kwenye hali inayofanana na ya mtu mwenye maambukizi makali kwenye damu: mishipa inalegea na kutanuka, na presha inaporomoka. Juu ya hapo kuna dawa za usingizi anazopewa ili avumilie mpira wa kupumulia kooni, nazo hushusha presha. Mtu mwenye mambo yote matatu ukimpa na amlodipini au losatani yake ya kila siku, unamsukumia shimoni. Ndiyo maana vidonge vimewekwa kando.

Sasa ubongo. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna akiba. Damu ikikatika, ndani ya dakika nne au tano chembe zake zinaanza kuumia. Kukandamiza kifua husaidia sana, na waliomkandamiza mama bila kuchelewa walimpa nafasi kubwa kuliko kitu kingine chochote kilichofuata. Hata hivyo, mikono ikifanya kazi vizuri kabisa, damu inayofika kichwani ni sehemu ndogo ya ile ya kawaida. Kwa hiyo ubongo wa mama umeshapata jeraha la kwanza, na hilo hakuna daktari anayeweza kulifuta.

Linalotufanya tukeshe ICU ni jeraha la pili, linaloweza kuja saa na siku zinazofuata. Moyo ukisharudi, damu kwanza humiminika kichwani kwa wingi kwa muda mfupi. Kisha mambo hugeuka: mishipa midogo ya ubongo hubana, na damu inayopita hupungua, mara nyingi kwa saa 12 hadi 24 au zaidi. Ubongo uliokwishajeruhiwa unapata damu kidogo kuliko kawaida. Presha ya mwili ikishuka katika kipindi hicho, sehemu zilizokuwa zinapumua kwa taabu zinakatiwa kabisa. Fikiria maji ya bomba kwenye nyumba ya ghorofa: msukumo ukishuka, mabomba ya chini bado yatatoa maji, lakini watu wa juu kabisa hawapati hata tone.

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha takwimu za wagonjwa zaidi ya 8,000 waliorudishwa baada ya moyo kusimama. Karibu nusu yao, ile namba ya juu ya presha ilionekana chini ya 90 katika saa yao ya kwanza ICU. Kati ya hao walifariki asilimia 65, na kati ya wale ambao presha yao haikushuka hivyo walifariki asilimia 37. Tusizidishe maana ya namba hizo. Mgonjwa mwenye moyo ulioumia zaidi ndiye ambaye presha yake hushuka, kwa hiyo sehemu ya tofauti ni ukali wa ugonjwa wenyewe. Lakini zikiwekwa pamoja na tunachokijua kuhusu damu ya ubongo, haziachi nafasi ya kuchezea presha ya chini.

Hapa naomba ujifunze namba moja ambayo familia nyingi haziitazami. Kwenye monita, pembeni au chini ya 105/62, kuna namba ya tatu, mara nyingi iko ndani ya mabano. Hiyo ni presha ya wastani, na ndiyo inayosukuma damu kwenda kwenye ubongo na figo. Unaweza kuikadiria mwenyewe: toa namba ya chini kwenye ya juu, gawa kwa tatu, kisha jumlisha na ile ya chini. Kwa mama, 105 kutoa 62 ni 43, theluthi yake ni kama 14, ukiongeza 62 unapata 76. Miongozo ya Ulaya na ya Marekani inasema baada ya moyo kusimama presha ya wastani isiachwe ishuke chini ya 65 hivi. Angekuwa na 88/50, wastani ungekuwa 63 tu, na hapo ningependa kuona muuguzi anaikimbilia pampu. Kwa 76, mama yuko juu ya sakafu hiyo kwa nafasi ya kutosha.

Sasa hoja ya shemeji yako, maana haikutoka hewani. Ubongo wenye afya una uwezo wa kujirekebishia damu wenyewe. Presha ya mwili ikipanda, mishipa yake inajibana, ikishuka inajitanua, na damu inayopita inabaki karibu ileile. Mtaalamu wa Denmark, Niels Lassen, aliueleza uwezo huu mwaka 1959 katika maandishi ambayo wanafunzi wa udaktari bado wanasoma matokeo yake. Mwaka 1973, hukohuko Copenhagen, Svend Strandgaard na wenzake walionyesha kwamba kwa watu wenye presha kali ya muda mrefu eneo hilo la kujirekebisha husogea juu. Ubongo wao umezoea msukumo mkubwa, kwa hiyo unaanza kukosa damu kwenye presha ambayo kwa mtu mwingine isingekuwa na neno. Na mwaka 2001, jiji lilelile, walipimwa wagonjwa waliorudishwa baada ya moyo kusimama, ikaonekana kwamba kwa baadhi yao uwezo huo ulikuwa umepotea kabisa, na kwa wengine ulikuwa umesogea juu.

Unganisha hayo na mama yako: presha ya miaka mingi, na juu yake moyo uliosimama. Nyumbani, 160/95 ni wastani wa kama 117. Leo ana 76. Ukiwa muuguzi na umesoma hayo, utasema kama anavyosema shemeji. Hata mimi kwa miaka mingi niliona ni hoja yenye mantiki kamili.

Tatizo ni kwamba ilipojaribiwa kwa wagonjwa wenyewe, faida haikuonekana. Mwaka 2018 zilichapishwa nambari za wagonjwa wapatao 120 wa Finland na Denmark, nusu wakiwekwa kwenye wastani wa 65 hadi 75 na nusu 80 hadi 100. Kipimo cha damu kinachoonyesha kiasi cha chembe za ubongo zilizokufa hakikutofautiana. Mwaka uliofuata, Ubelgiji, walilinganisha 65 na 85 hadi 100. Kundi la presha ya juu lilipata kweli oksijeni zaidi kichwani, vipimo vilionyesha hivyo, lakini picha za MRI hazikuonyesha ubongo uliojeruhiwa kidogo zaidi.

Jaribio kubwa ni la Denmark, lililotolewa mwaka 2022. Walihusishwa wagonjwa 789 waliokuwa hawajazinduka baada ya moyo kusimama wakiwa nje ya hospitali. Kwa kura, kundi moja lililengwa wastani wa 63 na jingine 77. Namna walivyofanya inanivutia mpaka leo. Madaktari na wauguzi wakijua nani yuko kundi gani, wanaweza bila kukusudia kumhudumia mmoja tofauti na mwingine. Kwa hiyo kifaa cha kupimia presha kilirekebishwa kwa siri ili kisome asilimia 10 juu au chini ya ukweli. Kila muuguzi aliambiwa alenge 70 kwenye monita. Kwa mgonjwa mmoja hiyo 70 ilikuwa 63 ya kweli, na kwa mwingine ilikuwa 77 ya kweli, na aliyesimama kando ya kitanda hakuwa na njia ya kujua. Baada ya siku 90, waliofariki au kubaki na ulemavu mkubwa wa ubongo walikuwa asilimia 34 kwenye kundi la juu na asilimia 32 kwenye kundi la chini. Hiyo haihesabiki kuwa tofauti.

Kwa nini isisaidie, wakati ubongo una kiu? Nionavyo mimi, sehemu kubwa ya hatima ya ubongo huamuliwa na zile dakika za mwanzo, na presha ya baadaye ina uwezo wa kuharibu zaidi kuliko wa kutengeneza. Pia presha haipandi bure. Noradrenalini, dawa inayotumika zaidi kwenye pampu kama ya mama, hupandisha presha kwa kubana mishipa, na moyo uliozubaa unalazimika kusukuma damu dhidi ya mishipa iliyobanwa. Ukiongeza dozi ili ufike 150, moyo unachoka zaidi na unaweza kuanza kupiga ovyo. Na kwa ubongo uliopoteza uwezo wa kujirekebisha, presha kubwa inaingia moja kwa moja kwenye mishipa midogo iliyojeruhiwa, maji yanavuja, ubongo unavimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Hapo unaukosesha damu ubongo uliotaka kuulisha.

Lakini tazama jambo moja ambalo shemeji yako atalipenda. Wastani wa mama, 76, uko karibu kabisa na kundi la juu la jaribio la Denmark. Hawajamwacha chini. Timu yake imempa nafasi juu ya sakafu bila kumsukuma mpaka dari.

Na je, mgonjwa wa presha ya miaka mingi aachwe kwenye 65 kamili? Mimi siridhiki nayo. Figo za watu hawa hulalamika mapema. Mwaka 2014 Ufaransa walichapisha jaribio la wagonjwa 776 walioporomoka presha kwa sababu ya maambukizi kwenye damu, ugonjwa tofauti na wa mama lakini dawa ni zilezile. Vifo havikutofautiana kati ya wastani wa 65 hadi 70 na 80 hadi 85. Ila kwa wale waliokuwa na presha tangu zamani, kundi la juu lilihitaji kusafishwa figo kwa mashine mara chache zaidi. Gharama yake ilikuwa mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio kuongezeka. Kwa hiyo, kwa mama yako mimi ningelenga kati ya 70 na 80 na kuangalia mwili wenyewe unasemaje.

Mwili unasema kwa njia kadhaa, na moja unaweza kuiona kwa macho ukiruhusiwa kuingia. Kando ya kitanda, kwenye mpira wa mkojo, kuna chombo chenye mistari ambacho muuguzi anakisoma kila saa na kuandika. Tunataka angalau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Mama akiwa na kilo 70 hiyo ni mililita 35, kiasi cha vijiko viwili vikubwa na kidogo. Mkojo ukikauka wakati wastani ni 68, tunapandisha hadi 80 na kutazama saa mbili au tatu. Ukirudi, tumepata jibu la mgonjwa huyu, na lina uzito kwangu kuliko wastani wa watu 789. Usiporudi, tunarudisha dozi chini na kutafuta sababu nyingine. Kipimo cha pili ni lakteti kwenye damu, yaani asidi inayoongezeka viungo vikikosa oksijeni: ikiendelea kushuka, viungo vinapata damu ya kutosha. Tunagusa pia miguu kama ina joto, na tunatazama moyo kwa altrasaundi, maana kama unasukuma vibaya, kubana mishipa peke yake hakutoshi na inabidi kuongeza dawa ya kuupa moyo nguvu kama dobutamini.

Ndugu wengi huuliza kwa nini wasiongeze dripu tu. Dripu kidogo husaidia kama mgonjwa amepungukiwa maji. Kwa moyo uliozubaa, maji ya ziada huishia kwenye mapafu.

Kuhusu dawa yenyewe: noradrenalini ndiyo chaguo la kwanza. Hospitali isiyo nayo hutumia adrenalini au dopamini, na ikitumiwa kwa uangalifu inaokoa watu, ingawa hizo huukimbiza moyo zaidi. Nguvu ya dawa hizi hudumu dakika chache tu mwilini. Ndiyo maana utamwona muuguzi anaandaa bomba la pili kabla la kwanza halijaisha. Likiachwa likauke, presha inaweza kuporomoka wakati anatafuta jingine. Msiiguse pampu hata ikilia. Mwiteni.

Presha haiulindi ubongo peke yake, na yapo mambo mengine nayaorodhesha kwa haraka kwa sababu timu yake inayajua. Homa izuiwe, joto lisipite nyuzi 37.7 hivi. Sukari isipande sana na isishuke kabisa chini ya 4. Oksijeni iwe kati ya asilimia 94 na 98. Mashine ya kupumulia isimpumulishe haraka mno, kwa kuwa hewa ya ukaa ikishuka sana kwenye damu mishipa ya ubongo hubana, na mnaweza kuwa na presha nzuri kwenye monita huku kichwani damu haifiki. Degedege nayo itafutwe na kutibiwa, hata kama ni mtetemo mdogo wa kope.

Kazi yenu kama familia ipo, na ni kubwa. Pelekeni kadi ya kliniki ya mama. Waelezeni madaktari kwamba presha yake ya kawaida ni 160/95, majina ya dawa anazomeza, na siku na saa aliyomeza mara ya mwisho, kwa sababu baadhi ya dawa za presha hukaa mwilini zaidi ya siku moja na bado zinaweza kuwa zinamshusha. Semeni kama amewahi kupata kiharusi au ana tatizo la figo. Ulizeni kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha nini, maana alibanwa kifua kabla ya kuanguka. Kama mshipa wa moyo umeziba, kuuzibua ni sehemu ya matibabu, na kwa Tanzania Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam inafanya kazi hiyo. Kuhamishwa kunawezekana tu presha ikiwa imetulia.

Na hili nawaomba kwa dhati: msimpe chochote kwa siri kupitia mpira wa puani. Vidonge vyake vilivyosagwa, maji ya kitunguu saumu, dawa ya mizizi aliyoleta mjomba, chochote. Kaka yako anampenda mama yake, na ndugu wanaofanya hivyo hufanya kwa mapenzi, ila kidonge kimoja kinaweza kuangusha ile 76 mkaishia kwenye 50.

Kuhusu kufumbua macho, msimhukumu leo. Dawa za usingizi zinachelewa kutoka, hasa figo zikiwa zimechoka. Madaktari hawatakiwi kutoa uamuzi kuhusu ubongo wake kabla ya saa 72 tangu moyo uliporudi, na hata hapo hutumia vipimo kadhaa pamoja: mboni zinavyojibu mwanga, namna anavyojibu akiguswa jichoni, umeme wa ubongo na picha ya kichwa pale vinapopatikana. Anayewaambia sasa kwamba hatazinduka anakurupuka, na anayewaahidi kwamba atazinduka pia anakurupuka.

Siku moyo wake utakapopata nguvu, mtaona dozi ya pampu inapunguzwa kidogo kidogo hadi kuzimwa. Baada ya hapo presha inaweza kurudi 160 au 170, na hapo ndipo zile dawa zake zitaanza kurudishwa, moja baada ya nyingine, kwa dozi ndogo, figo zikipimwa kwanza. Msizianzishe wenyewe, na asirudi nyumbani bila kuandikiwa zipi anaendelea nazo na zipi zimeachwa. Kesho kwenye mzunguko wa madaktari mwulize daktari wake mambo mawili: wastani wa presha wanaoulenga kwa mama ni ngapi, na mkojo wa saa sita zilizopita umefika kiasi gani. Ukipata majibu hayo niandikie, tuyatazame pamoja.